Ringi Iliyoinama

Ringi ya kaskazini, uwanja wa chuo, Mbeya,
iliinama kushoto upana wa vidole viwili.
Fundi aliyeichomelea aliwahi msiba Tukuyu,
na tangu hapo, kila mwaka wa fedha,
ringi iliandikwa kwenye bajeti, ikafutwa.

Ambakisye Mwasomola aliikuta hivyo, akaizoea hivyo,
kama mtoto anavyozoea kigugumizi cha baba yake:
hasikii kasoro, anasikia baba.
Alilenga kando kidogo, kiwiko kimelegea,
upepo wa Loleza akauachia umalizie.
Mpira ukazama bila kugusa chuma.

Mimi nilikuwa mezani, mwandishi wa pointi,
kalamu nimeificha kwapani
maana Juni wino hugoma kwa baridi.
Fainali na Iringa aliweka arobaini na moja.
Mstari uliisha, nikaendelea pembeni,
juu ya namba ya simu ya muuza mahindi.
Kocha wa Iringa alikuja akamshika mikono,
akaigeuza, akaitazama juu na chini
kama mnunuzi wa viazi aliyepanda Uporoto na lori tupu.

Dar wakamchukua.
Mkataba kurasa sita, chumba chenye feni, viatu jozi mbili.
Mama yake alimfungia maparachichi mabichi, yakaivie huko.
Yaliiva yote siku moja.

Huko ukumbi una paa.
Upepo hauingii, na ringi imenyooka kama kiapo.
Mechi ya kwanza alirusha saba, saba zikatoka,
zote upande uleule,
upana wa vidole viwili.
Gazeti likasema presha. Kocha akasema usingizi.
Mjomba wake wa Kyela akasema kuna mkono wa mtu.
Mimi nilisikiliza redioni, daftari wazi magotini,
nikaacha nafasi mbele ya jina lake
nikidhani zitajazwa.
Msimu wa pili, dakika nne kwa mechi.
Wa tatu, alibeba chupa za maji.

Nasi huku, kwa mapenzi, tukachanga.
Ni mimi niliyepitisha kofia Mwanjelwa, Kabwe, Soweto:
jamani, uwanja wa Ambakisye, tutoe chochote!
Tukaleta fundi wa kweli, mwenye pima maji,
akaikata ile ringi, akaiweka sawasawa.
Nguzo tukaipaka kijani.
Jina lake tukaliandika kwa herufi kubwa,
tukapiga picha, tukala pilau.

Alirudi Julai, ukungu umekaa uwanjani kama ng'ombe waliochoka.
Hakunisalimia kwanza. Aliomba mpira.
Akarusha. Chuma.
Akasogea mahali pake pa zamani, pale saruji ilipopasuka,
akavuta pumzi, akarusha.
Chuma.
Akaenda kwenye nguzo, akasoma jina kwa kidole,
akatazama juu, mpaka shingo yangu mimi ikauma.
"Mmeinyoosha," alisema.
Hakuwa na hasira. Sauti ilikuwa ya mtu
aliyekuta nyumba ya kwao ina kufuli la wengine.

Nilitaka kumwambia, pesa nilikusanya mimi.
Nikamwuliza kama amekunywa chai.

Sasa yuko Rungwe, ghala la maparachichi la ushirika.
Anapanga kwa ukubwa, jicho lake linajua gramu.
Watoto wa kule wanamwita Mrefu, basi,
hawajui la zaidi, wala hawaulizi.
Yaliyokataliwa, yenye doa, yenye kovu la mvua ya mawe,
huyarusha kwenye kreti ukutani, hatua kumi na mbili,
uso umegeukia kwingine, akiongea na karani habari za mbolea.
Kreti lile limevunjika mguu mmoja.
Limelalia kushoto.

Wiki iliyopita nilipita kununua, nikasimama mlangoni
nikijifanya natafuta chenji.
Kumi na tisa mfululizo.
Nilipapasa kwapani.
Sikuwa na kalamu.