Droo ya Tatu

Droo ya tatu, ofisini kwetu Barabara ya Naboa,
Gidudu alihifadhi tanzia za walio hai:
meya wa zamani, aliyezindua bomba lilelile mara tatu;
Bi Khainza mkunga, aliyeupokea nusu ya mji kwa viganja;
refa Wakooba, aliyekataa bao la dakika ya tisini
akatoroka uwanjani kwa ngazi ya fundi umeme.

Wakooba alipita kila mwisho wa mwezi, miwani mkononi.
"Hebu nisome nilivyokufa."
Akasahihisha: ilikuwa kuotea, si mkono.
Gidudu akafuta, akaandika upya, akamimina chai.

Jumatatu moja, Wanale umemezwa na ukungu,
mlango haukufunguliwa.
Tulipekua droo zote. Yake haimo.
Hakuna aliyejua hata mwaka aliozaliwa.

Basi refa akakalia kile kiti kibovu,
akaandika mstari mmoja:
Aliuliza jina mara mbili kabla ya kuliandika.
Akahesabu maneno, akatoa noti. Tukazikataa.

Gazeti likatoka Alhamisi.
Tuliandika "Gidundu".

Ijumaa, kabla ya mfagiaji,
refa yuko mlangoni,
miwani mkononi.