Upande wa Pili wa Futi

Kibanda changu kipo nguzo ya saba
katika ukumbi wa mawe, hapa Madurai,
na simba wa jiwe aliyechongwa juu yangu
ana kiuno chembamba kuliko wateja wangu wote.

Miaka thelathini na moja nimekumbatia matumbo ya watu.
Ndiyo kazi: unazungusha futi, unasoma, kijana anaandika.
Lakini ninacho kidole kimoja cha adabu,
nakiingiza kati ya futi na mtu
apate kupumua, apate kula wali wa harusi,
na nambari ninayoitaja kwa sauti
huwa ndogo kuliko niliyoiona.
Hakuna aliyewahi kulalamika.

Na ndani ya mshono wa nyuma naacha akiba,
inchi mbili za kitambaa zilizokunjwa,
maana mtu akipata, hupata na tumbo.
Watu waliita heri. Nami niliita heri.

Daftari ndilo linalojua.
Sundaresan, karani wa benki ya ushirika:
suruali ya harusi, ishirini na nane.
Mtoto wa kwanza, thelathini na moja.
Alipopanda cheo, thelathini na tano; akacheka,
akatugawia halua kwenye jani la mgomba.
Thelathini na tisa.
Arobaini na moja.
Kisha akaja na zile zile mkononi:
"Punguza, fundi, zinanivuka."
Nikadhani amejinyima. Nikampongeza!
Kumbe sukari ilikuwa mezani kwake, yeye ndiye chakula.
Bado zipo kwenye msumari, zimepunguzwa,
hazijachukuliwa.

Alhamisi akaja Kayalvizhi, mhudumu wa afya wa kata,
mzani begani, vumbi hadi magotini.
Hakutaka blauzi. "Niazime futi yako," akasema,
"yangu imevutika."
Futi iliyovutika hudanganya kwa upole.
Nikaitazama kama ndugu.

Akaichukua yangu, akaigeuza.
Sentimita.
Miaka thelathini na moja, upande ule sikuwahi kuusoma.
"Tuanze na wewe."
Kinyozi hajinyoi, nikamjibu, na fundi hajipimi.
Hakucheka. Akatafuta ubavu wa mwisho kwa kidole gumba,
akatafuta mfupa wa nyonga, akasimama katikati yake,
mahali ambapo sijampimia mtu suruali,
kwa kuwa suruali za wanaume wa makamo
hukaa chini ya kitambi
kama kisahani chini ya kikombe.
Nikavuta tumbo ndani.
"Shusha pumzi, kaka."
Nikaingiza kidole, mazoea tu.
"Na kidole, toa."

Tisini na saba.
Mstari wao kwa wanaume wa huku ni tisini.
Nikasema labda ni chakula cha mchana.

Basi akachukua kibiringo changu cha uzi mwekundu,
akanikatia urefu wangu, utosini hadi kisigino,
akaukunja sawasawa, ncha kwa ncha,
akauzungusha kiunoni.
"Nusu yako inatakiwa ikuzunguke wewe mzima."
Ncha hazikukutana.
Kati yake palibaki vidole vinane,
vyote mimi.

Akanifunga mkono kwa kile kitambaa kinachovimba,
akaandika, akaniambia niende kituoni Jumatatu
kabla ya chai, kabla ya chochote, nitolewe damu.
Nikauliza: kwa hiyo naumwa?
"Uzi haujui ugonjwa," akasema,
"unajua tu nani wa kuulizwa zaidi."
Akahamia nguzo ya nane, kwa muuza bangili,
na futi yangu shingoni mwake.

Siku hiyo sikupima mtu.
Niliutundika uzi kwenye msumari,
juu ya suruali ya Sundaresan,
na jioni nikamwambia kijana afungue ukurasa mpya.
Akalowesha kidole, akafungua, akashika kalamu,
akauliza jina la mteja.

Nikajifanya natafuta mkasi.