Kazi Sifuri

Mwalimu Faki alichora mshale kwenda juu,
na mwengine kwenda kulia, kama barabara ya Mtambwe
pale inapokwenda sawa, haina kilima wala bonde.
"Mtu amejitwika gunia. Kani yake inaelekea mbinguni,
yeye mwenyewe anaelekea Daya.
Mishale haisaidiani. Kazi: sifuri."
Akaipigia mistari miwili, chaki ikakatika.

Nikaandika. Kidato cha pili hatubishani na chaki.

Lakini msimu ulikwishafunguka,
na mama, Bikombo binti Shaame,
ndiye aliyetiwa katika mchoro ule bila kuulizwa:
gunia la karafuu mbichi, kilo ishirini,
kata ya kanga kuukuu kichwani,
kutoka shamba hadi jamvini petu, mita mia nane.

Usiku, nyumba nzima ikichambua makonyo,
nikachukua kalamu nimtetee.
Akipanda mkarafuu, nilisema, hapo mshale na safari ni kitu kimoja.
Kilo hamsini na tano, mara kumi, mara mita nane:
juli elfu nne na mia nne.
Mara kumi na mbili kwa siku
(wasemao mwanamke hapandi hawajamwona na upembo wake).
Elfu hamsini na mbili, mia nane!
Nikafurahi kama niliyemshindia kesi.

Kisha, kwa ujinga wangu, nikagawa kwa saa nane za kutwa
nipate nguvu yake.

Wati moja na pointi nane.

Nikarudia. Labda nimekosea sekunde.
Wati moja na pointi nane.
Balbu iliyokuwa juu ya daftari inakula tisa,
na haijui hata kushika tawi.

Nikamweleza. Sijui kwa nini nilimweleza.
Hakuacha kuchambua.
"Na kule barabarani je?"
"Sifuri, mama."
"Basi Jumamosi mwambie mwalimu wako
aje anibebee hiyo sifuri."
Raya akacheka hadi pishi ikapinduka,
tukaokota karafuu mojamoja chini ya kitanda.

Nilisoma mbele. Kitabu kinasema nishati haipotei,
hubadili sura tu. Msuli unaoshikilia bila kusogeza
unaungua vilevile ndani kwa ndani, hutoka kuwa joto,
na joto halina mshale, huenda kila upande.
Ukurasa wa sitini na moja, maandishi madogo.
Hapo hapakuwa na swali.

Mtihanini nilijibu sifuri, nikapata alama zote mbili.

Jumamosi nikaitwika.
Kufika penye msikiti shingo imezama mabegani,
jasho linaingia machoni, sijapanda hata futi moja,
na mama nyuma yangu, mikono mitupu, anauliza taratibu:
"Imefika ngapi sasa?"