Alama za Msumari

Rula yangu ilisema sentimita sita.
Machi, sita. Mei, sita tena.
Mimi ni mpiga picha tu hapa Kisumu, kazi yangu
ni kusema vuta pumzi, ishike, achilia,
na kumwambia asimeze
mtu aliyeacha kumeza tangu Krismasi.

Zablon Imbuga, Mragoli, miaka thelathini
mchuma majani Nandi Hills.
Chai ya alfajiri aliinywa ingali inanguruma,
maana mizani ya karani haikusubiri kikombe kipoe.
Kwanza ugali ulikataa.
Halafu viazi, halafu uji mzito,
halafu uji uliochujwa kwa leso,
hata mate yake mwenyewe
yakawa mgeni asiyekaribishwa.

Yupo pia Rispa, mkewe, kwenye benchi la korido,
amepakata kopo la Kimbo kama mtu aliyepakata mtoto wa jirani.
Mzee hutemea humo.
Ubavuni pana mikwaruzo, mingine mirefu, mingine kama kucha.
Nilidhani ni wajukuu wamelichezea.

Sasa, ipo picha nyingine isiyojali urefu.
Hiyo huyauliza maji: je, mnatembea?
Uvimbe ukiwa hai, seli husongamana
kama Kibuye siku ya Jumapili,
bega kwa bega, mitumba juu ya mitumba,
na tone la maji likitaka kupita
husema hodi, hodi, hodi,
halijibiwi.
Dawa ikiingia, vibanda hufungwa.
Muuza omena haonekani. Fundi cherehani haonekani.
Ukuta wa soko uko pale pale,
ukiupima kwa rula utaapa hakuna kilichobadilika,
lakini ndani maji yanapita
na namba inapanda.

Ilipanda.
Si sana. Niliirudia picha mara mbili,
kwa sababu mzee alikohoa katikati,
na kwa sababu nimewahi kufurahi mapema
nikaja kuona aibu mbele ya jeneza.
Daktari Masakhalia alivua miwani:
“Huenda ni dawa. Huenda ni kikohozi.
Rula inasema tuache, maji yanasema tuendelee.”
Akanitazama kana kwamba mimi ndiye maji.

Nikatoka kumtafutia Rispa maneno mepesi.
Hakuyangoja. Aligeuza kopo upande wa mikwaruzo.
“Huu wa Machi. Saa nne asubuhi limejaa, namwaga, linajaa.
Huu, baada ya dripu ya kwanza. Hapa alilia, usiuhesabu.
Huu wa Jumanne: kutwa nzima, nusu.”
“Mbona hukusema, mama?”
“Nimwambie nani? Karatasi yenu imeuliza umri,
uzito, dini, na namba ya simu ya chifu.”

Nikarudi ndani, nikachukua penseli,
nikaandika pembeni, palipokatazwa kuandikwa:
kopo, nusu, tangu Jumanne.
Masakhalia akasoma. Akasoma tena.
“Nani kapima?”
Nikamwambia.
Akaandika dripu ya tatu, mwandiko wake ule mbaya,
bila kunitazama.

Jioni niliwakuta langoni, kwa mama wa chai.
Zablon ameomba kikombe. Chai!
Rispa anaimimina huku, anairudisha kule,
huku, kule, mvuke ukizidi kukonda,
naye mzee anang'aka: “Hiyo sasa si chai, ni mvua.”
Akapiga funda moja.
Sote watatu tukalitazama koo lake,
mimi bila mashine, mama wa chai na birika hewani,
na Rispa macho makavu kabisa.

Ikashuka.
Tukasubiri.
Nyingine ikarudi, akainama juu ya kopo.

Rispa akafungua fundo la leso yake,
akatoa msumari.