Pengo

Machi, ilipoingia, laki tisa na nusu.
Sanga aliitoa kabatini kwa vidole viwili,
akaifuta kwa pindo la shati: "Shika, haiumi."
Nikaishika. Baridi, nyembamba,
uso wangu ndani yake umenyooka kuliko nilivyo.
Nikairudisha. Nikasema, "Nitapita."

Mtaa wa Aggrey kila mtu atapita.

Mimi ni karani wa stoo ya vipuri, Gerezani.
Najua vitu vinavyozeeka kwenye boksi.
Beringi haijali mwaka, nati haijali,
ila simu, ndugu yangu, simu ni samaki wa Feri:
saa moja asubuhi ana bei,
saa saba mchana ana harufu.

Nikafungua daftari, ukurasa wa mwisho, nyuma ya madeni.
Aprili, laki tisa na ishirini.
Mei, mvua, Jangwani pamefungwa, sikupita.
Juni, laki nane kasoro elfu kumi.
Kikoba kilivunjwa Juni, hela ninayo.
Lakini nilishapiga hesabu:
kila usiku ninaolala bila kununua
naingiza karibu elfu mbili.
Nani mwingine Dar analipwa kwa kulala?

Simu yangu ilifungwa kwa mpira wa kubania noti,
kioo kimepasuka kona hadi kona,
na kamera yake ina ukungu usioisha:
jiji zima humo ndani ni Julai ya Njombe.

Juni hiyohiyo Chiku aling'oka meno mawili, ya mbele, ya juu,
kwenye muhindi wa kuchoma, Mbagala Rangi Tatu.
Akawa anamchekea kila mtu, hata msoma mita wa maji.
"Thitaki uji," anasema. "Thitaki kulala."
"Baba, nipige picha na pengo langu."
Nikapiga. Ukungu.
"Ngoja," nikamwambia. "Septemba itashuka."

Wahenga waliniachia methali mbili katika mfuko mmoja,
subira yavuta heri,
ngoja ngoja yaumiza matumbo,
wasiandike ipi ni ya Juni.

Agosti, laki saba na nusu. Sanga akaninong'oneza:
"Mwezi ujao anakuja mdogo wake. Hii itaanguka."
Ikaanguka. Laki sita na themanini,
na pembeni yake huyo mdogo mtu,
laki tisa na nusu ileile,
kana kwamba bei haikushuka, ilibadili nguo tu.
Nikamtazama. Nikamtazama tena.
"Nitapita," nikasema.

Usiku ule Mwanahawa alisoma daftari
kwa tochi ya kisimu chake cha vitufe.
Hakugomba. Aliuliza,
"Humu umeandika kilichoshuka.
Kilichopanda uliandika wapi?"
Nikadhani anasema sukari.

Novemba nilinunua. Laki sita na kumi, kava bure.
Sanga akabandika kioo cha kinga,
akasukuma viputo nje kwa kadi ya benki.
Nikarudi Temeke natembea
kama mtu aliyebeba uji wa moto.
"Chiku! Njoo! Cheka!"

Akacheka.
Kila unywele, kila uzi wa sare ya shule,
na meno mawili mapya, mapana,
yamesimama kama geti la chuma.
"Nyingine," nikasema.
"Sitaki," akajibu,
na ile *s* yake ilikuwa kali, imenyooka,
haina pa kupitishia upepo.

Ile ya ukungu nimeihamishia humu.
Ukiikuza mpaka mwisho, ukaiinamisha kidogo,
kati ya weupe na weupe kuna kijiweusi.
Naamini ndilo.

Januari nilipita Aggrey, upande wa pili wa barabara.
Sanga aliniona. Akainua mkono juu,
vidole vitano vimetanuka, anacheka.
Nami nikampungia,
kama mtu aliyesalimiwa.