Jiwe Linalojisaga

Wakubwa wa kiwanda wana jina la heshima kwa kitu hiki,
limepigwa chapa juu ya kila fomu.
Mimi nayaita yalivyo: mavi ya chuma.
Chuma kimelishwa chokaa, kimejisafisha tumbo,
na haya ndiyo tunayoyabeba nje usiku.

Saa tisa. Raahe, Februari,
nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Hilkka Ojanperä anarudisha nyuma gari
lenye magurudumu yanayopita kimo chake,
anakiinamisha chungu taratibu,
kama mtu anayemimina uji wa mgonjwa,
na theluji ya uwanja mzima inageuka rangi ya chungwa.

Kwanza utando, unaokunjamana.
Kisha ukoko mweusi wenye nyufa nyekundu.
Chini ya ukoko hakuna anayeona.

Ndiyo maana maabara nina tone moja,
dogo kuliko punje ya mtama,
kwenye ncha ya waya wa platini, chini ya darubini.
Nalipoza nyuzi moja kwa sekunde.
Elfu moja mia tano: kimya.
Elfu moja mia nne na themanini: kimya.
Nimekohoa, nimerudisha jicho,
na tayari pembeni pana nukta.
Nukta inaota mkono,
mkono unaota vidole, vidole vinaota vidole,
kama jalidi kwenye dirisha la sauna ya mama
asubuhi ambayo hakuna aliyewasha kuni.

Ukilipoza ghafla, hupati hayo.
Chembe zinakamatwa zilivyosimama,
huyu mguu juu, yule kinywa wazi,
na unashika mkononi kioo, cha kijani, kama kipande cha chupa.
Ukilipoza polepole kila chembe inatafuta kiti chake.
Mvumilivu hula mbivu, nilidhani.
Hapa mvumilivu hula vumbi.

Kwa sababu kwenye nyuzi kama mia tano,
jiwe likiwa limeshakuwa jiwe,
limeshapita hatari zote za moto,
fuwele zinageuka kulalia ubavu mwingine
na kitanda hakizitoshi tena.
Zinataka nafasi zaidi, sehemu moja tu kwa kumi.
Jiwe linajisaga. Bila kinu, bila mchi.
Kulipokucha uwanjani palikuwa na kichuguu cha unga wa kijivu,
na upepo wa ghuba ulikuwa umeshauchota.
Mzee Kemppainen alipiga simu kabla sijavua koti:
gari lake jekundu, alisema, si jekundu.

Dawa ipo. Boroni, chumvi kidogo tu ndani ya chungu,
inazishika fuwele zisigeuke.
Nimeandika ripoti, ina grafu tatu.

Hilkka hasomi grafu. Aliingia kupasha mikono,
akatazama bakuli la unga juu ya meza yangu.
“Hili lilikuwa zima?”
Lilikuwa zima.
“Likavunjika motoni?”
Hapana. Baadaye. Lilipokuwa linapoa.

Mazishi ya Urho yalikuwa Oktoba.
Aliwamiminia kahawa watu sitini,
hakumwaga hata tone kwenye kisahani,
na sisi tukaambiana njiani: mwanamke wa chuma.

Alichovya kidole ndani ya unga,
akakisugua na gumba, muda mrefu
kuliko unga unavyohitaji.
“Nyuzi ngapi, ulisema?”
Mia tano. Karibu na hapo.
“Bado moto, basi.”
Bado. Ila kwa macho huwezi kujua,
rangi inakuwa imeshaondoka.

Akavaa glavu, ya kushoto kwanza.
Akasema zamu inayofuata ana vyungu vinne.
Mlango ukaachia baridi iingie, ukafunga.
Nje, chungu kitupu mgongoni mwa gari
kilikuwa kinalia, tik, kimya kirefu, tik,
nami nikajikuta nimeshika kalamu
na ninahesabu.