Faili Halikupatikana

Saa kumi jioni, Chavakali, mvua inapiga mabati
na mashine inaniandikia kwa herufi nyekundu:
Maktaba ya michoro imeshindwa kupakiwa.
Faili halikupatikana.

Lipo! Nimelifungulia kabrasha,
nimeliwekea kidole kwenye kioo kama mwalimu wa darasa la pili:
hili hapa, jina lake hili, herufi kwa herufi.
Nazima. Nawasha. Naomba kimoyomoyo.
Halikupatikana.

Amugune amekaa juu ya kreti ya soda,
picha ya shangazi yake kaibana ndani ya daftari la chama.
Nakala mia mbili, maziko Jumamosi.
Hasemi nifanye haraka. Ananitazama tu,
na hilo ndilo linaloniharakisha.

Basi nikaliuliza swali nililochelewa kuliuliza:
si "uko wapi wewe?"
bali "wewe wamtegemea nani?"
Yakamwagika majina kumi na manne,
kumi na matatu yakaitika.
Kilichobaki ni kijifaili cha kilobaiti tisini,
nilichokifuta mwenyewe Jumapili
nikisafisha diski, nikinung'unika: na hiki cha nini?

Nikakitoa kwenye kompyuta kuukuu ya kaka, kwa flashi.
Kikagoma. Cha biti thelathini na mbili,
na wenzake wote ni sitini na nne:
kiatu cha mtoto mguuni pa mtu mzima.
Nikampigia Kageha wa Majengo, akanitumia cha kwake.
Bando likakata kikiwa asilimia tisini na nane.
Amugune akanunua la shilingi ishirini,
bila neno.

Ikafunguka.
Shangazi akashuka kutoka juu, mstari kwa mstari:
kilemba, paji, jicho moja limefinywa na jua,
mwiko mkononi, kana kwamba mpiga picha kamkatiza.

"Tangu Jumatatu," Amugune akakiambia kioo,
"hakuna nyumbani anayejua ufunguo wa ghala uko wapi.
Ng'ombe naye hataki kukamwa na mtu mwingine.
Hatukujua."

Nikaongeza mwanga kidogo pajini.
Nikauliza: Kavetsa, ni *t* kabla ya *s*?
Akaitika kwa kichwa.
Printa ikakohoa, ikavuta karatasi ya kwanza
ikiwa imepinda.
Nikaitoa, nikaiweka sawa.